Fermi, Pasta, Ulam... na wa nne aliyeishia kwenye tanbihi (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

Springi Mbovu (mtoa mada)

Wakuu kwema. Huu uzi unahusu uzi. Sitanii, uzi kabisa, kama waya wa gitaa, umefungwa huku na huku, katikati umetungwa vizito kama shanga, ukiuvuta ukauachia unacheza. Miaka ya 1953 na 1954 pale Los Alamos, New Mexico, Marekani, kuna dada alikaa akaifundisha kompyuta ya valvu (zile za redio za mababu) kuuchezesha huo uzi kwa hesabu tupu, na majibu yaliyotoka yakawachanganya wanafizikia mpaka leo kuna watu wanapata shahada za uzamivu kwa ajili yake.

Kwenye vitabu vingi linaitwa tatizo la Fermi-Pasta-Ulam, FPU kwa kifupi. Enrico Fermi mnamjua, yule Mtaliano wa Nobel ya 1938 aliyejenga kinu cha kwanza cha nyuklia Chicago. John Pasta, mwanafizikia, na Stanislaw Ulam, mwanahesabu, nao sio watu wadogo. Sasa aliyeandika programu yenyewe na kuiendesha kwenye mashine hayumo kwenye hizo herufi tatu. Anaitwa Mary Tsingou.

Mimi nilimaliza chuo, nikasoma FPU darasani, nikafanyia mtihani, nikafaulu, jina la huyu mama sikulisikia hata siku moja. Nimekuja kukutana nalo juzi kati hapa nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikaona hapana, hii lazima niilete.

Nitashusha kidogo kidogo, nipo na simu na chaji asilimia 40.

kapuku msomi

Nimekaa kibarazani na kahawa yangu, shusha mkuu

Mama Junia

Tsingou ni kabila gani hilo? Mchina?

Springi Mbovu

Hapana dada, Mgiriki. Wazazi Wagiriki, yeye kazaliwa Milwaukee, Wisconsin, 1928. Mwaka unaofuata uchumi wa Marekani ukaporomoka, maisha yakawa magumu, ikabidi familia mwaka 1936 ihamie Ulaya, baba alikuwa na mali Bulgaria. Kwahiyo mtoto wa Milwaukee anaenda kukulia Bulgaria. Halafu vita ya pili hiyo ikaingia, Juni 1940 ubalozi mdogo wa Marekani ukawaambia nyie raia wetu rudini nyumbani hapa sio salama, wakakimbilia Italia wakadaka meli ya mwisho ya Kimarekani iliyokuwa inaondoka. Ya mwisho! Wangechelewa kidogo tu leo tungekuwa tunaongelea mambo mengine.

Akasoma hesabu chuo kikuu cha Wisconsin, akamaliza 1951. Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1952 mwalimu wake wa milinganyo ya difrensha, naye mwanamke, akamwambia omba kazi Los Alamos. Zama zile msichana kufanya hesabu ilikuwa kama kuomba kuchezea timu ya wanaume, ila vijana wengi wa kiume walikuwa wamepelekwa vita ya Korea, nafasi zikabaki wazi, maabara ikaanza kuchukua mabinti. Yaani mlango ulifunguka kwa sababu wenye mlango hawakuwepo.

Na kazi aliyoajiriwa kufanya mwanzoni ni kupiga hesabu kwa mkono. Zile zama neno "kompyuta" kwa Kiingereza lilikuwa linamaanisha mtu, karani wa hesabu, na mara nyingi mwanamke.

Mzee wa Spana

Los Alamos si ndio walipotengeneza bomu la Hiroshima? Huyo dada naye alikuwa anapiga hesabu za mabomu, semeni ukweli msije mkampamba tu

Springi Mbovu

Ndio mzee ni hapo hapo, na silaha ndiyo ilikuwa shughuli kubwa ya ile maabara na ya ile kompyuta. Sifichi. Mashine iliitwa MANIAC, ilianza kazi 1952, mwaka huo huo aliofika, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo Wamarekani wakalipua bomu la kwanza la haidrojeni Pasifiki. Mambo ya fizikia ya kujifurahisha yalikuwa yanapewa zamu mashine ikiwa haina kazi, wikendi wikendi hivi, hata kuifundisha kucheza chesi walifanya. FPU imezaliwa kwenye zamu za namna hiyo.

Twende. Mary alipangiwa kitengo kimoja cha nadharia halafu fasta akahamishiwa T-7 chini ya Nicholas Metropolis, kwa sababu mashine mpya ipo na hakuna mtu anajua kuiandikia programu. Yeye na mwenzake Mary Hunt ndio wakawa wa kwanza kukaa nayo. Hakuna wa kumuuliza, hakuna video za kujifunzia, hakuna wa kukopi kwake. Pamoja na Pasta waliwahi hata kuchora mlipuko kwenye kioo cha osiloskopu (kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) wakauangalia ukitanuka, michoro ya kompyuta hiyo, miaka ya hamsini mwanzoni!

kapuku msomi

Hiyo MANIAC ilikuwa na ramu ngapi mkuu 😂

Springi Mbovu

Umeuliza utani ila hapo ndipo penyewe. Maneno 1,024 ("neno" hapa ni chumba kimoja cha kuhifadhia namba), kila neno biti 40. Piga mwenyewe, ni kama kilobaiti tano. Stika moja ya hapo kwenye simu yako haienei. Na humo humo unaweka programu yako PAMOJA na namba zako zote.

Sasa uzi wetu una vizito 16, mara 32, mpaka 64. Kila kizito kina mahali kilipo na kasi yake, vizito 64 tayari hizo namba 128 za kutunza, na kila hatua ya muda unazipiga upya zote, kila kizito kinavutwa na jirani wa kushoto na wa kulia. Unaandika kwa lugha ya mashine yenyewe, namba tupu, Fortran haijazaliwa (IBM waliitoa 1957). Tena mashine za ukoo ule zilikuwa hazina nukta inayohama kama kikokotoo chako, namba zote lazima zikae kati ya hasi moja na moja, kwahiyo mwandika programu ndiye anayepaswa kuwaza kabla: hii namba ikikua itafika wapi, niigawe kwa ngapi isifurike, nikiigawa sana napoteza usahihi. Ukikosea hapo mashine haikwambii kitu, inakupa tu jibu la uongo kwa heshima zote.

Ndio maana mtu akisema "aliandika kodi tu" nacheka. Kodi hiyo (sio ya nyumba jamani) ndiyo ilikuwa maabara yenyewe.

Binti Hesabu

Mtoa mada samahani, mimi hesabu ninazo kidogo ila fizikia niliacha form four. Walikuwa wanatafuta nini hasa kwenye huo uzi?

Springi Mbovu

Swali zuri dada, ngoja nijaribu.

Uzi ukiupiga unaweza kucheza kwa mitindo mingi. Mtindo wa kwanza ni tao moja kubwa, wote juu wote chini. Wa pili matao mawili, huku juu huku chini. Wa tatu matatu, na kuendelea. Ndizo zile sauti za gitaa, ile nene na zile nyembamba juu yake. Kama springi ni za kistaarabu, yaani ukivuta mara mbili nguvu nayo inakuwa mara mbili kamili, basi ukianza na mtindo wa kwanza utabaki kwenye mtindo wa kwanza milele, mitindo haisalimiani kabisa.

Ila springi za kweli hazina ustaarabu huo. Ukivuta mara mbili nguvu inazidi kidogo au inapungua kidogo. Hapo mitindo inaanza kuibiana nishati. Na wanafizikia wote waliamini, na Fermi mwenyewe aliamini tangu ujana wake, kwamba ukiacha muda wa kutosha nishati itasambaa kwa kila mtindo sawasawa, kama tone la wino kwenye ndoo ya maji. Ukishasambaa wino haurudi kuwa tone. Nadharia nzima ya joto imekalia hapo.

Fermi akasema basi tuangalie unasambaa kwa kasi gani. Hili wazo ni lake na simnyang'anyi: kuitumia kompyuta kufanya jaribio ambalo kwa mkono huliwezi, sio kupiga tu hesabu unayoijua jibu lake. Kipindi kile kilikuwa kitu kipya.

Wakaanza na mtindo wa kwanza peke yake. Mary akaandika, akaendesha, nishati ikaanza kwenda mtindo wa pili, wa tatu, wa nne, kila mtu anatikisa kichwa ndio ndio kama tulivyosema. Kwa kawaida walikuwa wakifika hapo wanazima. Siku moja, hivi ndivyo inavyosimuliwa, wakapandwa na maongezi, mabishano ya kitaalamu yakakolea, wakasahau kuzima mashine. Kurudi kuangalia, nishati imejirudisha karibu yote kwenye mtindo wa kwanza. Pungufu ya asilimia chache tu.

Wino umerudi kuwa tone.

Mama Junia

Weeee

kapuku msomi

Nywele zimesimama hapa kibarazani

Mzee wa Spana

Hapo si walidhani mashine imekosea?

Springi Mbovu

Mzee hata mimi ningedhani. Wewe fikiria uko na umri wa miaka 25, programu umeiandika wewe, na jibu limepingana na anachoamini Enrico Fermi. Mtu wa kwanza kuulizwa umekosea wapi ni nani? Wakabadilisha aina ya springi, kanuni ya mraba, kanuni ya mchemraba, nyingine yenye mstari uliovunjika, picha ikabaki ile ile, nishati inazunguka kwenye mitindo michache ya chini halafu inarudi. Ulam aliandika baadaye kwamba Fermi aliiona kama ugunduzi mdogo, na kwa mtu kama Fermi kuita kitu ugunduzi, hata mdogo, sio kitu cha kawaida. Alipanga kuuongelea kwenye mhadhara mkubwa wa wanahesabu wa Marekani, akaugua, akafariki Novemba 1954 hata ripoti haijaandikwa.

Na Fermi mwenyewe Mary hakukutana naye sana, jamaa alikuwa profesa Chicago anakuja Los Alamos mara moja moja. Aliyemjua vizuri ni binti yake Fermi, Nella, maana Nella wakija hakutaka kukaa na wazazi wake waliofikia kwa kina Ulam, akaenda kulala bwenini na mabinti wenzie, na Mary alikuwa bweni hilo hilo. Sijui kwanini hiki kipande nakipenda, wazee huko wanabishana habari za nishati, mabinti bwenini wanapiga stori zao.

Sasa ripoti. Ilitoka Mei 1955, namba LA-1940. Ukurasa wa mbele umeandikwa hivi, naweka kwa Kiswahili: kazi imefanywa na Fermi, Pasta, Ulam na Tsingou. Chini yake: ripoti imeandikwa na Fermi, Pasta na Ulam. Ndani kuna tanbihi inamshukuru Miss Mary Tsingou kwa kuandika programu kwa ufanisi na kuendesha hesabu kwenye MANIAC.

Soma tena hiyo mistari miwili ya mbele. Waliofanya ni wanne. Walioandika ni watatu, na mmoja wao alikuwa ameshafariki. Dunia ikachukua mstari wa pili.

Mzee wa Spana

Mi nitakuwa tofauti kidogo msinipige mawe. Nimefanya ufundi miaka mingi. Injinia anachora ramani, mimi na vijana wangu tunafunga mtambo, ukizinduliwa jibao linaandikwa jina la waziri na la injinia, sio la fundi. Ndio kazi zilivyo. Huyo dada alilipwa mshahara wake, na wamemtaja kabisa mbele ya ripoti. Watatu wale walikuwa na wazo, yeye alikuwa fundi. Dhuluma iko wapi?

Binti Hesabu

Mzee shikamoo kwanza. Ila hapo kwenye "fundi" ndipo mimi naumia, nisameheni nitoke nje ya mada kidogo. Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi sitaitaja, nilipewa data za miaka minne zimeandikwa hovyo, tarehe zimegeuzwa, majina ya kata yameandikwa kila mtu na anavyojua yeye, nikakaa nazo miezi mitatu nikazisafisha, nikaandika programu ya kuzichambua, na mimi ndiye niliyegundua kwamba zile takwimu za kituo kimoja zimerudiwa mara mbili na ndio zilizokuwa zinapindisha matokeo yote. Ripoti ikatoka, karatasi nzuri inang'aa, majina sita ya waandishi, mimi niko ukurasa wa mwisho kwenye shukrani katikati ya dereva na mpishi wa semina, na jina langu wamelikosea herufi. Dereva sina neno naye, alinipeleka mpaka vijijini kwa usalama. Ila lile kosa la kurudia data wamelieleza kwenye sura ya tatu, "tuligundua kwamba". TU-ligundua. Nikaisoma ile "tu" mara kumi.

Mama Junia

Pole mdogo wangu. Hiyo "tu" ina mengi

Springi Mbovu

Pole sana dada.

Mzee wa Spana nakuheshimu na hoja yako sio ya kijinga, kweli zama zile mwandika programu alionekana kama mpiga taipu. Ila angalia mfano wako mwenyewe. Mtambo wako injinia ameshajua utafanya nini, wewe unaufunga ufanye hicho. Huu uzi hakuna aliyejua utafanya nini. Hakuna uzi wowote uliotikiswa pale, hakuna springi ya chuma, vyote vilikuwa ni namba kwenye mashine ya Mary. Mtu akijenga darubini kwa mkono wake, akachungulia, akaona nyota mpya, unamwita fundi darubini? Tena kwenye majaribio ya namba nusu ya kazi ni kujua kama kituko unachokiona ni cha dunia au ni cha programu yako. Nani alikuwa na uwezo wa kujibu hilo kama sio aliyeiandika?

Lakini nakubali jambo moja, sioni kama wale watatu walikaa wakapanga kumfuta. Jina waliliweka mbele. Waliolitupa ni waliokuja baadaye, wananukuu ripoti kwa majina ya walioiandika, mmoja anakopi kwa mwingine, miaka hamsini imepita. Ilisaidia pia kwamba 1958 aliolewa na Joseph Menzel aliyekuwa kikosi cha ulinzi pale pale, akawa Mary Menzel, hivyo hata ukimtafuta Tsingou humpati. Aliyemrudisha ni Mfaransa mmoja mwanafizikia, Thierry Dauxois, Januari 2008 kwenye jarida la Physics Today, akaweka mpaka chati ya programu ambayo Mary aliichora kwa mkono wake, akasema jamani tuliite Fermi-Pasta-Ulam-Tsingou. Siku hizi wengi wanaandika FPUT.

kapuku msomi

Kwahiyo alipata herufi T akiwa na miaka 79. Duh

Binti Hesabu

Naongezea, kwenye mashine hiyo hiyo ya MANIAC kuna mwingine, Arianna Rosenbluth, daktari wa fizikia wa Harvard. Ile njia ya kubahatisha kwa akili inayoitwa Metropolis, nimeitumia sana kwenye takwimu, karatasi yake ya 1953 ina majina matano, na programu aliandika yeye. Ila njia ikabeba jina la wa kwanza kwenye orodha, bosi wa kitengo. Yule yule Metropolis wa T-7.

Springi Mbovu

Asante, huyo anastahili uzi wake, ukiuanzisha niite.

Namalizia na wetu maana chaji imebaki 11. Kile kituko hakikupata maelezo mpaka 1965, Norman Zabusky na Martin Kruskal walipopiga tena hesabu kwa kompyuta wakaona kwamba mtikisiko kwenye uzi kama ule unagawanyika kuwa mawimbi mojamoja yanayojitegemea, yanakutana, yanapishana, kila moja linaendelea na safari na umbo lake kama vile hayajagusana. Wakayaita solitoni. Leo solitoni utazikuta kwenye nyuzi za kioo za intaneti, kwenye maji ya mifereji, kwingi tu.

Mary mwenyewe alipata shahada ya pili Michigan 1955, akarudi, akawa mmoja wa mabingwa wa mwanzo wa Fortran pale maabara, watafiti wakikwama wanapelekwa kwake. Alistaafu 1991. Na mwanzoni mwa miaka ya sabini aliurudia uzi wake, safari hii na James Tuck, mwanafizikia wa pale pale maabara, kwa mashine yenye nguvu zaidi. Karatasi ilitoka 1972, Tuck na Menzel, jina lake liko juu kama mwandishi na sio kwenye shukrani. Walichokiona sikisemi, mwenye laptop ajaribu mwenyewe. Vizito 32, anza na tao moja, nguvu ya springi iwe umbali iliovutika jumlisha robo ya mraba wake. Mistari thelathini ya Python (lugha ya programu ya siku hizi) inatosha.

Mzee wa Spana

Sijashawishika asilimia mia ila la darubini limenikaa. Asante kwa uzi kijana.

Binti Hesabu

Nimeandika. Laptop yangu mbovu imechukua sekunde chache tu. Nishati imeondoka mtindo wa kwanza, ikaenda wa pili, wa tatu, halafu jamani imerudi!! Asilimia tisini na kitu. Nimepiga kelele mpaka mdogo wangu kaja kuangalia.

Ila kuna kitu sielewi. Nimeiacha iendelee, mara ya pili imerudi pungufu kidogo. Ya tatu pungufu zaidi. Ya nne inazidi kushuka. Si ndio sasa inasambaa taratibu kama walivyosema mwanzo? Au nimekosea hatua ya muda?

Springi Mbovu

Hujakosea. Ongeza muda. Usiizime.

Binti Hesabu

Nimezidisha mara kumi, naisubiri.

Mama Junia

Na mimi nasubiri, chai imepoa

Binti Hesabu

INAPANDA TENA